Wasafi Mno kwa Msaada

Jumapili, 3 Agosti 2025

Daftari langu, hujambo? Habari ya kukaa kwenye droo tangu Krismasi? Natumaini hujapata unyevu wala panya. Mimi mwili ni mzima, nashukuru Mungu. Ni roho ndiyo iko na homa. Nikimwambia padri atanipa kitubio. Nikimwambia Linet, binti yangu, atacheka. Wewe utanyamaza, kwa hivyo ni wewe.

Nianze na barua. Ilifika Ijumaa. Wale wafadhili wa Nairobi wanasema walifurahishwa na hali ya makao yetu, na kwa kuwa hali hiyo ni nzuri kuliko walivyotarajia, msaada wataupeleka kwa wenye uhitaji zaidi. Nikasoma mara tatu. Mzee Mutunga, mmoja wa wazee ninaowatunza, akaniuliza imesema nini. Nikamwambia imesema sisi ni wasafi. Akafurahi, masikini.

Wenye uhitaji zaidi. Haya. Godauni la mahindi nyuma ya soko, mabati yana matundu, watu kumi na tisa ambao kabla ya hapa walikuwa wanalala veranda za maduka na mifuko ya simiti kichwani. Miaka sita mimi ndiye mpishi wao, ndiye mlinzi, ndiye mama. Wafadhili wa kwanza walifunga mkoba mwaka jana. Tangu hapo ni muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe ya akina mama wa kanisa, na huruma ya mwenye nyumba.

Lakini kosa nililifanya mimi. Wacha niandike, maana siku zote naandika ya wengine.

Mwezi uliopita yule afisa wao, Bi. Nduku, alikuja kutuona. Wiki moja kabla, Josphat Kitonga, katibu wetu, msomi wetu, aliniambia: Mama Linet, wageni wa maana hawapendi kuona uchafu. Pambeni. Basi nikapamba. Niliita mwethya mzima, wale akina mama tunaosaidiana shamba na matanga. Wakapaka chokaa. Mmoja wao, Mutheu, akaleta vitambaa vyake vya sofa, vile vyeupe alivyofuma mwenyewe, tukaviweka hata juu ya magunia. Magodoro ya kuazima. Mapazia ya kuazima. Kuku watano. Mzee Mutunga nilimvalisha koti la marehemu mume wangu. Kasiva, huyu tunamwita Susu kwa sababu ni nyanya wa kila mtu, alivaa gauni la Mutheu la harusi za watu.

Mgeni akija humwonyeshi kitanda kisichotandikwa. Kwetu Mitaboni ndivyo nilivyolelewa. Bi. Nduku alikula sahani mbili, akapiga picha, akasema mko vizuri sana. Nikamshukuru! Nikamfungia na mapaja ya kuku aende nayo.

Na leo sasa, baada ya misa, kwenye matangazo: tumpongeze ndugu yetu Josphat Kitonga, shirika lake jipya la kusaidia wasio na makao limepata wafadhili. Shirika lake. Lipi? Lini? Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga pia, mikono ilijipiga yenyewe kabla sijaelewa. Halafu nikakumbuka kwamba dakika chache kabla, wakati wa kutakiana amani, alikuwa amenigeukia na kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mikono laini. Kama mkate.

Ningeirudisha komunyo? Hapana, nilikuwa nimeshapokea. Lakini imekaa tumboni kama jiwe.


Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimemwomba Mungu asubuhi kwa ajili ya Josphat. Nimeomba kila kiatu atakachonunua kiwe na kokoto. Nimeomba simu yake isishike chaji. Nimeomba akisimama kusoma Kiingereza chake mbele ya watu, meno ya mbele yatoe filimbi.

Halafu nimesema amina, na sikutubu.

Nzioka, mwenye nyumba, amepita saa nne. Si mtu mbaya. Miezi minane hajaniuliza chochote. Leo alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaangalia chokaa badala ya kuniangalia mimi. Amepata mtu wa nafaka wa kutoka Kathiani anayetaka godauni. Tarehe thelathini na moja tuwe tumetoka. Akasema, Mama Linet, na mimi niko na watoto shuleni. Nikamwambia najua. Akasema, na vile mlivyopapaka, pamependeza, yule mtu alipapenda mara moja.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.


Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimerudisha vitambaa kwa Mutheu. Nilivifua mara mbili, madoa ya supu yametoka. Akaniweka chini, akanipa chai, akaanza kuzunguka kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga. Kumbe ana neno.

Anasema siku ile ya ugeni, gari la Bi. Nduku lilipotoka kwetu halikwenda Nairobi. Lilikata kwa barabara ya Mitaboni, Josphat akiwa mbele kando ya dereva, na kuku wangu tumboni. Shemeji yake Mutheu anauza mawe huko. Alishuhudia. Kuna banda la mabati Josphat alikodi. Ndani watu walilala juu ya magunia, wamejipaka majivu, wanakohoa. Shemeji akawaangalia vizuri, akaona wawili ni vijana wa boda boda, na mmoja anapasua mawe naye kila siku. Walipewa soda na mkate. Yule wa mawe alikohoa vizuri mpaka Bi. Nduku akafuta macho.

Mutheu akasema, usimwambie mtu umesikia kwangu.

Nikamuuliza, lakini alituambia tupambe kwa ubaya, ama kwa ujinga? Mutheu akasema Josphat hana ujinga. Mimi bado nilitaka kumtolea udhuru. Nilimlisha huyo kijana miaka minne. Alipofiwa na mama yake nilipika siku tatu, macho yakawa mekundu kwa moshi. Labda alidhani kweli usafi utatusaidia. Labda lile banda lilimjia tu baadaye.

Nataka kujua. Mungu, usinilipe kwanza. Nijulishe kwanza.


Ijumaa, 8 Agosti 2025

Amenijulisha. Josphat alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, saa tisa mchana, na pakiti ya sukari mkononi.

Nilikuwa nachambua maharagwe. Sufuria ya maji ilikuwa inachemka hapo kando. Daftari, nakwambia ukweli, niliiangalia ile sufuria, halafu nikamwangalia yeye, halafu tena sufuria.

Akasema, Mwaitu, habari ya siku nyingi. Ananiita mama, kwa Kikamba, kwa sauti ya kubembeleza ng'ombe. Nikamwambia karibu. Nikampa chai na kigoda kile cha mguu mbovu.

Shida yake ni hii. Wakubwa wa wafadhili wanakuja Jumanne, tarehe kumi na mbili, pamoja na Bi. Nduku. Wakiridhika wanatoa awamu ya pili, ile kubwa. Lakini vijana wa boda boda sasa wamejua thamani yao. Hawataki tena soda na mkate. Na wawili walimtishia kwamba wanajua mengi. Kwa hivyo anaomba wazee wangu. Siku moja. Lori litakuja kuwachukua saa mbili asubuhi na kuwarudisha jioni.

Nikamuuliza, Josphat, si una shirika? Walio ndani ni akina nani?

Akacheka. Mwaitu, shirika linaanza na karatasi. Watu wanafuata.

Halafu akasema, kama anayenipa zawadi: nimesikia Nzioka anafunga. Usijali. Awamu ya pili ikiingia, wazee wako nitawachukua wote. Wote kumi na tisa. Na wewe nitakupa kazi ya jikoni.

Kazi ya jikoni. Mimi.

Nikaendelea kuchambua. Akafikiri nimekubali, akasimama, akajipangusa suruali. Mlangoni akageuka akainua kidole, akisema kwa tabasamu: lakini Mwaitu, safari hii wasioge. Waje vile walivyo. Unajua hawa watu wa pesa, wakiona mtu ametakata wanasema ameshaokoka.

Safari hii.

Basi alijua. Aliponiambia nipambe alijua. Alikaa hapa akila kuku wangu, akaangalia vitambaa vya Mutheu juu ya magunia, na ndani alikuwa anacheka.

Nilimrudisha kwenye kigoda, nikamtia sukari vijiko vinne kwenye kikombe cha pili. Nilimwambia asante kwa kutukumbuka. Nilimwambia Jumanne wazee watakuwa tayari, nitawaandaa mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Akasema Mungu akubariki.

Akaondoka. Nikaimba nikiosha kikombe chake. Sijaimba tangu barua.


Jumamosi, 9 Agosti 2025

Nimelala kama mtoto na nimeamka na mpango kamili.

Wataoga. Wataoga mpaka wang'ae. Josphat alinipamba nikakosa. Na mimi nitampamba akose. Lori lake litafunguka mbele ya wakubwa wa Nairobi, na watashuka wazee kumi na tisa kama wajumbe wa harusi: wamenyolewa, wamepakwa mafuta, mashati yamepigwa pasi, vitambaa vya Mutheu kifuani. Watasalimu kwa mkono. Mzee Mutunga atatoa neno la shukrani, yeye aliwahi kuwa karani wa kanisa. Na ule wimbo wetu wa kukaribisha, sauti tatu. Wacha Bi. Nduku afute macho tena.

Sitasema uongo hata mmoja. Hilo ndilo linanifurahisha. Hakuna dhambi katika sabuni.

Mutheu nimemweleza. Akasema, wewe mama una roho mbaya, nitaleta pasi. Amekubali vitambaa vyote, hata vile vya meza.

Linet alipiga kutoka Syokimau. Nikamweleza. Akapiga kelele, mathe, hiyo ni noma, huyo msee utammaliza. Nikamwambia sijaelewa lakini asante. Halafu akauliza, na wale wazee, ukishammaliza wataenda wapi? Nikamwambia mtandao unakatika.

Haukuwa unakatika.


Jumapili, 10 Agosti 2025

Padri amehubiri juu ya kusamehe. Nimeangalia dirisha. Kuna kioo kimepasuka upande wa juu, watengeneze kabla ya mvua.

Wakati wa amani Josphat aliniinamia kutoka benchi la pili. Nikampa vidole viwili.


Jumatatu, 11 Agosti 2025

Siku ndefu. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi kinyozi alikuja, kwa kujitolea. Alianza na wanaume. Wengi wamependeza, utadhani hawajawahi kulala nje hata siku moja. Ilipofika zamu ya Mzee Mutunga hakuwepo. Alirudi saa saba, miguu imejaa vumbi jekundu. Akakaa kwa kiti, kinyozi akaanza shavu la kushoto. Walipofika katikati ya kidevu, Mzee akauzuia mkono wa kinyozi, akaniita.

Akasema, Mama Linet, nimetoka kwa lile banda la Josphat.

Nikamuuliza amefuata nini huko.

Akasema, mimi nililala veranda miaka kumi na mmoja. Mtu akinitajia paa naenda kuliona. Nimechungulia kwa tundu la mabati. Kuna vitanda, mama. Vya chuma. Nimehesabu ishirini. Na magodoro bado yako kwenye nailoni. Pesa za kwanza hakula zote.

Nikamwambia ni mwizi.

Akasema, ni mwizi aliye na vitanda.

Nikamweleza kwa pole, kama mtoto, vile yule mtu alivyotufanyia. Akanisikiliza, nusu ya uso safi, nusu nyeupe kwa ndevu. Halafu akaniuliza neno moja. Mama, kesho tukishuka kutoka lorini tumetakata, watu wa Nairobi watasema nini? Nikamwambia watasema huyu Josphat ni tapeli. Akatikisa kichwa. Akasema, hapana. Watasema vile walivyosema hapa. Kwamba hatuhitaji. Watafunga mkoba, vitanda vitarudi dukani, na tarehe thelathini na moja Nzioka atafunga hapa. Wewe utakuwa umemlipa Josphat. Sisi tutakuwa veranda.

Nilimkasirikia. Naandika ukweli, nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Josphat. Nikamwambia basi aende kwa huyo Josphat wake akajipake majivu akohoe. Akasema taratibu, kukohoa ninajua, sihitaji kufundishwa.

Kinyozi alikuwa amesimama tu na wembe wake juu.

Ndipo Susu Kasiva akaongea kutoka kona yake. Huyu huwa haongei. Watoto wa mume wake walimtoa shambani Masinga na nguo alizovaa, na tangu hapo husema neno moja kwa wiki, nalo ni chumvi. Leo akasema: ile siku ya wageni nilivaa gauni, yule dada wa Nairobi akanisalimu kwa mikono miwili, akaniita shosho, nyanya yake. Nilijiona mtu. Sasa mnataka nivue utu wangu nipewe kitanda. Mimi sitaki. Nitavaa gauni.

Mzee akamwambia, Susu, baridi ya Agosti haijui gauni.

Susu akasema, na mimi siijui aibu yako.

Wakaanza kubishana, wote kumi na tisa, nusu upande huu, nusu upande ule. Wengine wakaniangalia mimi. Mama aseme. Mama aamue. Mimi nikaenda nje nikajifanya nafagia.

Mzee Mutunga amekataa kunyolewa upande wa pili mpaka aambiwe anakwenda kama nani. Amelala hivyo.

Nilifikiria kumpigia Bi. Nduku nimwambie yote. Namba yake iko kwenye barua. Nilishika simu. Lakini nitamwambia nini, kwamba wewe dada ulikula kwangu ukadanganyika na vitambaa, ukaenda kule ukadanganyika na majivu? Atasema hawa watu wa Machakos ni waongo wote, na atafunga Machakos nzima. Na nitakuwa nimewanyima vitanda kwa mdomo wangu mwenyewe, si kwa sabuni. Nikaweka simu chini.

Rozari nimesali nusu. Nilipofika kwenye kuwasamehe waliotukosea, ulimi ukagoma. Si kwamba nilikataa. Uligoma tu, kama punda.


Jumanne, 12 Agosti 2025

Saa moja na nusu. Naandika nimekaa karibu na jiko, samahani kwa mwandiko.

Maji ya moto makarai matatu. Sabuni nimekata vipande kumi na tisa. Mashati yamepigwa pasi, yananing'inia kwa kamba kutoka ukuta mpaka ukuta, vitambaa vya Mutheu juu ya kila bega. Pamependeza kama altare. Na jikoni majivu yamejaa, sikuyatoa jana. Nayaona na yananiona.

Bado sijaita mtu kuoga.

Najua ninachotaka. Nataka kuona uso wa Josphat mlango wa lori ukifunguka. Nimeuota usiku mzima, ule uso, na mdomo wake ukitafuta Kiingereza. Mungu anisamehe, ni ndoto tamu kuliko ya mbinguni. Miaka minne ya kuku na chai, na moshi wa matanga ya mama yake. Nina haki ya huo uso. Mtu akiniambia sina, aje aniambie hapa.

Lakini nimepita katikati ya magunia alfajiri kuwafunika, kama kawaida yangu. Mzee Mutunga alikuwa macho. Alinishikia tu kona ya blanketi nilitandaze vizuri, kama ninavyomfanyia siku zote, na nikaona miguu yake, vumbi jekundu bado. Alitembea mpaka karibu na Mitaboni, kwenda na kurudi, miaka sabini na minne, kwenda kuchungulia kitanda kwa tundu.


Saa mbili kasorobo. Susu Kasiva ameshavaa gauni. Hakungoja kuitwa. Ameketi mlangoni na mkoba mapajani, amenyooka kama mama wa bwana harusi. Amepaka mafuta.

Mzee Mutunga ameketi mkabala naye na uso wake nusu nusu. Kinyozi amekuja, anauliza amalize ama aende kazini.

Wengine wanaangalia makarai, wanaangalia majivu, wananiangalia.


Lori limefika. Nasikia Josphat akiniita kutoka barabarani, Mwaitu, wako tayari? Anapiga honi. Mara moja. Mara mbili.

Kinyozi ananiuliza tena.

Daftari, sitaki tena unyamaze. Na Wewe uliye juu yake, uliyekuwa ukisoma siku hizi zote bila kuandika hata neno, nakuomba kwa adabu: nijibu upesi, maji yanapoa.